Kupona Kiwewe kwa Mpangilio: Mwongozo kwa Aliyeumia, Jamaa Zake na Jamii Yake

Aliyepitia vita, ubakaji, kipigo cha nyumbani, ajali mbaya au kifo cha ghafla cha mpendwa wake husikia ushauri wa aina mbili. Huyu anamwambia, "Sema yote, usibaki nayo moyoni." Yule anamwambia, "Sahau, maisha yaendelee." Wote wana nia njema, na wote wanaweza kumzidishia maumivu ushauri wao ukija wakati usio wake. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni kwamba kupona kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na matukio kama hayo, kuna mpangilio: kwanza usalama, halafu kumbukumbu na maombolezo, halafu kurudi kwa watu. Mwanasaikolojia Pierre Janet wa Ufaransa alikuwa tayari anatibu kwa awamu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1992, daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, akaueleza utaratibu huo kwa namna ambayo wataalamu wengi bado wanaitegemea. Nchi zilizoumia nazo zinauhitaji, na zikiuruka, gharama yake huwaangukia wanyonge.

Hatua ya kwanza: elewa mwili wako unafanya nini

Hatari ikitokea, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele kabla akili haijapata nafasi ya kufikiri. Adrenalini, homoni ya dharura, humwagika, moyo hudunda, misuli hukaza. Mtu hupigana, hukimbia, au huganda.

Hapo kwenye kuganda nataka tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapojihukumu. Waliobakwa hujiuliza miaka na miaka, "Kwa nini sikupiga kelele? Kwa nini sikumsukuma?" Jibu ni kwamba mwili uliamua bila kuwashauri. Mwili ukiona hakuna njia ya kupigana wala kukimbia, sauti hukwama na viungo hukataa kutii. Kuganda si kukubali. Kama unamsaidia mtu mwenye swali hilo, mweleze jambo hili waziwazi, na uwe tayari kulirudia.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Kwa kawaida kumbukumbu huwa na mahali, wakati, mwanzo na mwisho. Chini ya mshtuko mkubwa, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kupanga mambo hayo, haifanyi kazi yake sawasawa. Harufu, sauti na maumivu hubaki vipandevipande, bila alama ya kwamba yamekwisha. Ndiyo maana mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: macho yameona ukuti, lakini mwili umemwona nyoka. Hajifanyi, wala si mwoga.

Dalili zenyewe huja kwa makundi. Tukio hurudi lenyewe, kwa jinamizi usiku au kwa picha zinazovamia mchana. Mtu hukwepa njia, nguo, watu au mazungumzo yanayomkumbusha. Mwili hukaa macho kama mlinzi wa zamu: usingizi haba, hasira za karibu, kushtuka mlango ukigongwa. Na wengine hupatwa na ganzi, hawalii wala hawafurahi, huku wakijiona wachafu au wenye hatia.

Katika majuma ya mwanzo haya yote ni ya kawaida. Yakivuka mwezi na kuvuruga kazi, usingizi au uhusiano, hapo wataalamu huzungumzia ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, uliotambuliwa rasmi kwa jina lake katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu hupitia angalau tukio moja zito la namna hii maishani, ilhali wanaowahi kupata ugonjwa wenyewe ni karibu asilimia 3.9. Baada ya vita na ukatili wa kingono kiwango huwa kikubwa zaidi. Hata hivyo takwimu hizo zinatuambia jambo la kutia moyo, kwamba watu wengi hurudi kwenye hali yao wakipata utulivu na wenzao wa karibu.

Wapo ambao jeraha lao halikutokana na tukio moja: mtoto aliyeteswa miaka mingi na mzazi, mfungwa, mke aliyefungiwa ndani. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inaitambua hali yao kama kiwewe changamani. Pamoja na dalili za kawaida, wanasumbuka kudhibiti hisia, kujithamini na kumwamini mtu yeyote. Hao wasiharakishwe. Hatua ya usalama peke yake inaweza kuwachukua muda mrefu.

Hatua ya pili: siku za mwanzo, usimlazimishe kusimulia

Kwa miaka mingi waliookoka maafa walikusanywa ndani ya siku chache na kutakiwa waeleze kila walichoona na kuhisi, kwa imani kwamba kutoa yote kutawakinga. Tafiti zilipolinganisha, ilionekana kikao hicho cha mara moja hakizuii ugonjwa, na baadhi ya washiriki waliishia katika hali mbaya kuliko wasiohudhuria. Kwa hiyo ushauri ulibadilika. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unajengwa juu ya vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha.

Angalia: je, mahali hapa ni salama? Nani amejeruhiwa, nani anatetemeka peke yake, mtoto gani hana mtu wake? Sikiliza: keti karibu, uliza anahitaji nini sasa hivi. Akitaka kusimulia, msikilize bila kumkatiza wala kumchimba. Akitaka kunyamaza, nyamazeni pamoja. Unganisha: mpatie maji, blanketi, simu ya kumtafuta ndugu yake, taarifa ya kweli kuhusu kinachofuata. Taarifa moja sahihi, kwa mfano hospitali gani imempokea mwanawe, humtuliza mtu kuliko maneno mengi ya faraja.

Sema: "Pole sana. Niko hapa nawe. Haikuwa kosa lako." Usiseme: "Afadhali wewe umepona," au "Mungu ana makusudi yake," au "Jikaze." Usiahidi usichoweza kutimiza. Na kama tukio ni ubakaji, usimcheleweshe hospitali kwa sababu ya aibu, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana.

Jambo jingine la kusemwa bila kuzunguka ni kujiua. Ukihisi mtu amekata tamaa, muulize moja kwa moja: "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu, dawa na silaha karibu naye, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Hatua ya tatu: jenga usalama kabla ya kugusa kumbukumbu

Swali la kwanza ni gumu na la lazima: je, hatari imekwisha? Mwanamke anayelala nyumba moja na anayempiga hawezi kutibiwa kumbukumbu, kwa sababu hofu yake inamwambia kweli. Anachohitaji kwanza ni mpango wa kutoka: mtu mmoja anayemwamini, nyaraka zake na fedha kidogo mahali pa siri, mahali pa kufikia, na msaada wa kisheria. Mnasihi anayeanza na utoto wa mwanamke huyo huku kipigo kinaendelea amekosea hatua.

Hatari ikiwa imekwisha, kazi ni kuufundisha mwili kwamba imekwisha. Anza na usingizi, maana bila usingizi hakuna tiba itakayoshika. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukiamka na jinamizi, washa taa, weka miguu sakafuni, taja kwa sauti jina lako, mwaka na mahali ulipo. Pombe huleta usingizi na kuuvunja usiku wa manane, kisha hurudisha hofu maradufu. Vidonge vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya diazepamu havishauriwi kwa ugonjwa huu, kwani huzoesha mwili na havigusi chanzo. Kama tayari unavitumia kila siku, usiviache ghafla. Daktari atakupunguzia taratibu.

Kisha jifunze namna ya kujirudisha kwenye sasa pale tukio linapokuvamia. Fungua macho, usiyafumbe. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, sauti tatu, harufu mbili na ladha moja. Kanyaga ardhi kwa nguvu. Shika kitu cha baridi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe polepole kwa hesabu ya sita au nane, maana pumzi ndefu ya kutoka ndiyo hupunguza mwendo wa moyo. Lakini aliyekabwa koo au aliyenusurika kuzama anaweza kuogopeshwa na kuitazama pumzi yake. Huyo atumie miguu na mikono badala ya pumzi. Zoezi hili lifanywe kila siku ukiwa mtulivu, ili likufae utakapolihitaji.

Weka pia daftari la vichochezi. Kila unaposhtuka, andika ulikuwa wapi, ulisikia au kunusa nini, mwili ulifanya nini, kilisaidia nini. Baada ya majuma machache utaanza kuona kwamba hofu iliyoonekana kuja kutoka popote ina njia zake, na zinatabirika.

Umeiva kwa hatua inayofuata ukiweza kupandwa na hisia kali na kujituliza bila kujidhuru, bila pombe, na bila kutoweka kwenye fahamu zako. Kama bado, endelea hapa, na wala usione aibu.

Hatua ya nne: kulikabili tukio, kwa msaada

Kukwepa hutuliza leo na hulisha hofu kesho. Kila njia uliyoiacha inaithibitishia amigdala kwamba njia hiyo kweli ni ya hatari, na dunia yako inaendelea kufinyika. Kwa sababu hiyo tiba nyingi zenye ushahidi wa kutosha, kwa njia zake tofauti, humrudisha mtu kwenye kumbukumbu akiwa mahali salama na mtu anayejua kazi yake.

Katika tiba aliyoianzisha mwanasaikolojia Edna Foa, mtu husimulia tukio kwa wakati uliopo, tena na tena, na taratibu hurudi sehemu alizokuwa anazikwepa. Katika ile ya mwanasaikolojia mwenzake Patricia Resick, ambayo kwa kawaida huchukua vikao 12, kazi kubwa ni kuyapima mawazo yaliyokwama, kama vile "Lilikuwa kosa langu." Francine Shapiro alianzisha mwaka 1987 tiba ambamo mtu hulikumbuka tukio huku macho yake yakifuata mkono wa mtaalamu unaokwenda kushoto na kulia.

Kwa walioumizwa mara nyingi, kama wakimbizi, ipo tiba ya masimulizi inayoanza kwa kamba. Mtu huilaza sakafuni kama mstari wa maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka maua palipokuwa na furaha na mawe palipokuwa na maumivu. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia jiwe kwa jiwe, mtaalamu akiandika na kumsomea, mpaka kila tukio lipate mwaka wake, mahali pake na mwisho wake. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda miongoni mwa Wanyarwanda na Wasomali, ikitolewa na wakimbizi wenzao waliofundishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu ya kweli. Naliona hili kuwa miongoni mwa mambo muhimu kabisa katika fani hii, kwa sababu linathibitisha kwamba mahali pasipo na madaktari wa akili bado panaweza kuwa na tiba, mradi watoaji wafundishwe na wasimamiwe.

Ukimpata mtaalamu, muulize: umesomea tiba gani ya kiwewe? Vikao vitakuwa vingapi? Nikizidiwa katikati ya kikao utafanya nini? Asiyeweza kujibu, au anayetaka usimulie yote siku ya kwanza, mwache. Dawa zipo pia. Sertralini na paroksetini hupunguza dalili kwa baadhi ya watu, chini ya daktari.

Hatia nayo inataka kazi yake. Iandike sentensi inayokutafuna, kwa mfano, "Ningeondoka mapema, mdogo wangu angekuwa hai." Chini yake jibu: siku ile nilijua nini, si leo? Nilikuwa na njia zipi za kweli? Ni nani hasa aliyefanya kitendo kile? Je, rafiki yangu angekuwa mahali pangu ningemhukumu hivi? Usikimbilie kuifuta sentensi. Ipime mara kadhaa, na uone inabaki na nini.

Ukitaka kuandika ukiwa peke yako, tumia utaratibu alioujaribu mwanasaikolojia James Pennebaker tangu miaka ya 1980: dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku tatu au nne mfululizo, ukiandika kilichotokea na ulichohisi bila kujali sarufi. Kujisikia mzito muda mfupi baadaye ni kawaida. Lakini ukianza kupotea kwenye tukio, simama, rudi kwenye zoezi la vitu vitano. Na jambo lililo bichi mno, liache kwanza.

Kisha huja maombolezo. Hofu ikipungua, watu wengi hushangaa kuona huzuni ikipanda: huzuni ya aliyekufa, ya utoto uliopotea, ya mtu ambaye wangekuwa. Hii si kurudi nyuma. Lieni.

Hatua ya tano: kurudi kwa watu

Mwenzi na ndugu, kuweni watu wanaotabirika. Mkiahidi kurudi saa kumi, rudini saa kumi. Msimguse mtu kwa nyuma bila kumwambia. Ulizeni, "Ungependa nikae nawe au nikuache?" kisha mkubali jibu. Msiseme kwa niaba yake mbele za watu, wala kutoa siri yake kama ombi la sala.

Mtoto huongea kwa mchezo na kwa mwili. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kung'ang'ania mzazi, au kuigiza ajali ileile kila siku kwa midoli yake. Msimchape, msimcheke. Mpeni ratiba, majibu mafupi ya kweli, na mtu mzima mmoja asiyeyumba.

Dini huwabeba wengi, na jumuiya ya ibada inaweza kuwa mahali pa kwanza pa kukubalika tena. Ninachokipinga ni msamaha kufanywa sharti la kupona. Wapo wanaosamehe, wakapata amani. Wapo wasiosamehe, nao wakapona. Kumshinikiza aliyeumizwa amkumbatie aliyemuumiza ili ukoo au usharika utulie ni kumtoa kafara kwa ajili ya utulivu wa wengine.

Hatua ya sita: jamii nzima ikiumia

Hapa makosa ni yaleyale, kwa ukubwa mwingine. Wapo watawala wanaotaka taifa lisahau, na wapo wanaotaka lisimulie yote hadharani kwa mara moja.

Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Desmond Tutu, ilianza kusikiliza mashahidi mwaka 1996 na kupokea taarifa za waathirika zaidi ya 21,000. Iliondoa uwezekano wa kukana, kwani baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwa uaminifu kwamba mateso ya enzi ya ubaguzi wa rangi hayakuwapo. Lakini kushuhudia mbele ya kamera hakukuwa tiba kwa kila mtu. Wapo waliorudi nyumbani vidonda vikiwa wazi, bila mnasihi wa kuwafuata, na fidia ya randi 30,000 iliyotangazwa mwaka 2003 ilikuwa pungufu ya ile iliyopendekezwa na tume. Ukweli uliotolewa bila malezi baada yake humwachia shahidi mzigo peke yake.

Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ilikuwa na watuhumiwa wengi kuliko mahakama zozote zingeweza kubeba. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijamii ya kusikiliza kesi hizo, zilizofungwa mwaka 2012, zilishughulikia kesi zaidi ya milioni 1.9, na familia nyingi zilijua hatimaye miili ya ndugu zao ilitupwa wapi. Hata hivyo utafiti wa Karen Brounéus uliochapishwa mwaka 2010 uliona kwamba watu waliotoa ushahidi walikuwa na viwango vya juu zaidi vya sonona na kiwewe kuliko wasioutoa. Wakati wa kumbukumbu za kila Aprili watu huzidiwa katikati ya hafla, ndiyo maana wasaidizi waliofundishwa huwekwa tayari kuwashika mkono.

Kwa familia za waliotoweka hali ni ngumu zaidi, kwani hakuna kaburi la kuanzia maombolezo. Akina mama wa Argentina walioanza kukusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mwaka 1977 walidai kujua watoto wao waliotekwa na utawala wa kijeshi walipelekwa wapi, na bibi waliotafuta wajukuu walioibiwa walisukuma kuanzishwa kwa benki ya taifa ya data za kijenetiki mwaka 1987. Zaidi ya wajukuu 130 wametambuliwa. Ukweli kwao ulikuwa jina na damu, si hotuba.

Kwa hiyo, ukiwa kiongozi wa kijiji, wa dini, wa shule au wa taifa, fuata mpangilio. Hakikisha ukatili umesimama na mashahidi hawaishi chini ya vitisho. Kabla ya kumwita mtu atoe ushahidi, mweleze ataulizwa nini na nani atakuwapo, mruhusu aje na mtu wake, na panga nani atamtembelea siku ile, juma lile na mwezi unaofuata. Linda haki ya kunyamaza. Rudisha mali, ardhi, ada za shule na matibabu. Fidia ni sehemu ya tiba. Wape watu siku na mahali pa kukumbuka, na majina yatajwe moja moja. Wafundisheni watoto kilichotokea kwa kiwango cha umri wao, kwani watoto wa nyumba iliyonyamaza hurithi hofu bila kujua imetoka wapi.

Wanaosaidia

Anayesikiliza simulizi hizi kila siku naye huanza kuota ndoto zisizo zake, kuwa mkali nyumbani, au kutohisi chochote. Hilo linajulikana, na lina kinga. Kikundi chochote cha wasaidizi kiwe na kikao cha kila juma cha kupokezana mizigo pamoja na msimamizi, kesi nzito zigawanywe badala ya kurundikwa kwa mmoja, na siku za mapumziko ziandikwe kwenye ratiba ileile ya kazi. Msaidizi aliye na jeraha linalofanana na la anayemhudumia aruhusiwe kusema, "Huyu sitamweza," na mwenzake ampokee mgonjwa huyo bila kumhoji.